Ngwe: shajara ya kuzima mashine bila kutupa kazi iliyokwisha pigwa

Jumamosi 2/11/2019

Naanza kuandika leo kabla sijasahau nilianzia wapi. Nina steshenari ndogo hapa Kihonda, Morogoro, ndani kuna mashine tatu za mezani, zote i5 za kizazi cha tatu, mtumba nilizozifuata mwenyewe Kariakoo, na laptopu moja ya zamani ambayo skrini yake ina ufa. Wateja wanakuja kuchapa barua, kuskani vyeti, kutoa kopi, ila ukijumlisha siku nzima prosesa zinafanya kazi ya maana labda nusu saa, muda mwingine wote mashine zimewaka tu zinasubiri mtu. Ndo maana tangu mwaka jana nimeweka BOINC kwenye zote tatu.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia, BOINC ni programu ya bure ya pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Anderson na wenzake walianza kuitengeneza 2002, baada ya SETI@home, mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa nje ya dunia, kuonyesha tangu 1999 kwamba watu wa kawaida wanaweza kuwaazima wanasayansi kompyuta zao za nyumbani. Seva ya mradi inakata hesabu kubwa vipande vipande, kipande kinashuka kwako, mashine inakipiga pale ambapo wewe huitumii, jibu linarudi, unapewa kingine. Hulipwi, unapata pointi tu za kuonyesha umechangia kiasi gani.

Kilichonifanya niongeze bidii ni mradi uliofunguliwa mwezi uliopita kwenye World Community Grid, kundi la miradi ya sayansi inayopitia BOINC, unaitwa Africa Rainfall Project, wa Chuo Kikuu cha Delft kule Uholanzi pamoja na TAHMO, wale wanaoweka vituo vya hali ya hewa nchi mbalimbali za Afrika. Wanapiga hesabu za mvua za kusini mwa Sahara kwa undani wa kilomita 1. Mimi nimezaliwa kwa wakulima na nimekulia hapahapa chini ya Uluguru, najua mvua ya huku inavyokuwa, inanyesha Kihonda mpaka mitaro inajaa na Msamvu watu wanatembea kwenye vumbi, sasa utabiri unaosema mkoa mzima utapata mvua unamsaidia nini mtu mwenye heka mbili. Mawingu ya namna hiyo ni madogo, hesabu za kawaida zinayaruka. Kwaiyo nilipoona kuna watu wanajaribu kuyafuata kwa kilomita moja moja nikasema hizi prosesa zangu zimepata kazi yake.

Tatizo sasa. Saa 3 usiku nafunga, nazima kila kitu mpaka swichi kubwa, kwa sababu ya umeme na kwa sababu siachi nyaya zikiwa moto kwenye duka lenye karatasi tupu. Asubuhi nikiwasha nakuta kazi iliyokuwa asilimia 61 imerudi 50. Nyingine ilikuwa 74 imerudi 62 na nusu. Maana yake programu ya mvua haihifadhi hali yake kila wakati, inahifadhi kwa hatua, na ukizima katikati ya hatua kila kilichopigwa tangu hatua ya mwisho kinapotea.

Nyumbani tulipokuwa tunaweka vibarua shambani kila mtu anapimiwa ngwe yake, na jioni anachomeka kijiti pale jembe lilipofika ili kesho aanzie hapo. Hizi mashine zangu zinalima vizuri ila kijiti zinachomeka mara chache sana, halafu mimi naja kuzifukuza shambani bila hata kuangalia. Ndo nikaamua niandike programu ya kuangalia. Nimeipa jina Ngwe, na chekipointi, yaani pale programu inapohifadhi hali yake, humu ndani nitaiita kigingi.

Jumapili 3/11

Leo nimepima tu, sijaandika kitu kikubwa. Ukiandika boinccmd --get_tasks kwenye temino, lile dirisha la kuandikia amri, unapata orodha ya kazi zote, na kwa kila kazi inayoendelea kuna namba mbili ambazo nilikuwa nazipita kila siku bila kuzitazama: sekunde za prosesa ilizokwisha kula mpaka sasa, na sekunde ilizokuwa imekula wakati wa kigingi cha mwisho. Toa moja kwenye nyingine, hiyo tofauti ndo hasara utakayopata ukizima sekunde hiyo. Mradi wangu wote umekaa kwenye hiyo tofauti.

Nimeandika skripti fupi ya Python inaandika hizo namba kila baada ya sekunde 30 kwenye faili. Nimeiacha wiki nzima.

Jumamosi 9/11

Matokeo ya wiki. Kazi za mvua zinakuwepo saba mpaka nane kwa wakati mmoja kati ya prosesa 12 za mashine tatu (kila mashine ina nne), zilizobaki zinapiga SETI@home. Kigingi cha mvua kwenye mashine zangu kinakuja kila asilimia 12 na nusu, yaani mara 8 tu kwa kazi nzima, na kutoka kigingi kimoja hadi kingine ni karibu masaa matatu. SETI yenyewe inachomeka kila dakika, hiyo haina shida kabisa.

Nimefunga duka mara sita, umeme umekatika mara mbili. Masaa ya prosesa yaliyopotea ni 94. Siku sita za prosesa 12 kwa masaa 13 ni masaa 936, kwaiyo nimetupa kama sehemu moja ya kumi ya kila kitu, na umeme wake nimeshalipia. Nimekaa nayo hiyo namba muda mrefu. Iliniuma sio kwa hela peke yake, ni ile kwamba unajitolea kitu kwa moyo halafu sehemu ya kumi unaimwaga mlangoni.

Jambo jingine nililojifunza, BOINC yenyewe ikitaka kubadilisha kazi, tuseme itoe ya mvua iingize ya SETI, inasubiri kigingi kwanza. Ina adabu hiyo. Ila mtu akibonyeza kusimamisha au akizima mashine haisubiri, inaona bosi kaamua.

Jumamosi 16/11

Wiki hii nimeacha boinccmd na kuongea na klaenti, yaani BOINC yenyewe iliyoko ndani ya kila mashine, moja kwa moja, maana nataka laptopu yenye ufa iwe msimamizi wa mashine zote tatu kupitia rauta. Klaenti inasikiliza kwenye porti 31416, ni namba ya pai hiyo, 3.1416. Unaitumia maneno ya XML, maandishi yenye alama za kupanga taarifa, nayo inajibu kwa XML. Nilidhani ni kazi ya jioni moja imekula siku nne, naandika sababu zake hapa ili mwingine asizipitie.

Ya kwanza, nilikuwa natuma ombi halafu hakuna jibu, programu inakaa tu. Kumbe kila ujumbe lazima umalizie na baiti moja yenye thamani 3, bila hiyo klaenti inadhani bado hujamaliza kuongea kwaiyo inasubiri, na wewe unasubiri. Jibu lake nalo linaisha na baiti hiyohiyo, usipoikata kabla ya kusoma XML Python inakataa.

Ya pili, paswedi. Huitumi kama ilivyo. Unaomba kwanza, klaenti inakupa namba ya papo kwa papo, unaiunganisha na paswedi iliyoko kwenye gui_rpc_auth.cfg, unapiga MD5 ya vyote viwili, hesabu inayogeuza maneno kuwa alama fupi, unarudisha. Ilinikatalia siku mbili nzima. Nilishafika mahali pa kuinstoo upya ndo nikaona kwamba faili nililihariri kwa mkono na mwishoni kuna mstari mpya usioonekana, nao ulikuwa unaingia kwenye MD5. Nimeongeza strip() moja ya kukata huo mstari, ikafunguka.

Ya tatu ndogo, mashine lazima iambiwe kwenye remote_hosts.cfg ni nani anaruhusiwa kuongea nayo. Weka anwani ya msimamizi tu, na hiyo porti usiifungulie intaneti hata kidogo, mwenye paswedi hiyo anaweza kuiambia mashine yako ifanye karibu chochote ndani ya BOINC.

Sasa hivi laptopu inaona kazi zote 12 pamoja, kila moja na hasara yake pembeni. Nimekaa naangalia namba zinapanda na ghafla moja inarudi sifuri, hapo ujue kigingi kimechomekwa.

Jumatano 20/11

Jaribio la kwanza. Wazo lilikuwa hivi: kuanzia saa 12 jioni Ngwe inaingia hali ya kufunga, kila kazi ya mvua ikichomeka kigingi inasimamishwa palepale, mpaka saa 3 zote ziwe zimesimama pazuri. Masaa matatu yanatosha kwa sababu ndo urefu wa hatua moja.

Ya kwanza ikachomeka saa 12 na dakika 20, Ngwe ikaisimamisha, vizuri kabisa. Sekunde hiyohiyo klaenti ikaona prosesa iko tupu ikaanzisha kazi nyingine ya mvua iliyokuwa kwenye foleni. Ikawa hivyo kwa zote. Saa 3 nikakuta kazi za mvua 7 zimesimama kwenye vigingi vyake na nyingine 7 mpya ziko katikati ya hatua ya kwanza, hazina kigingi hata kimoja. Hasara ya usiku ule ilikuwa karibu ileile ya siku zote.

Alhamisi 21/11

Nikarekebisha: kabla ya yote Ngwe isimamishe kazi zote ambazo hazijaanza, ndo isubiri vigingi. Imefanya kazi. Prosesa zinabaki tupu moja baada ya nyingine mpaka saa 3. Hasara ya jana usiku masaa 13, ya leo dakika 40, nazo ni kazi moja tu iliyochelewa.

Jumanne 26/11

Siku mbili hakuna kazi mpya iliyoshuka. Nilidhani seva yao ina matatizo, nikasubiri. Leo nimesoma logi ya klaenti vizuri nikaona imeandika wazi kwamba haiombi kazi kwenye mradi huo kwa sababu kuna kazi iliyosimamishwa na mwenye mashine. Na kweli. Asubuhi Ngwe ilikuwa inazifungua zile ilizosimamisha, lakini Jumamosi nilizima laptopu katikati, ikapoteza kumbukumbu ya kazi gani ilisimamisha, mbili zikabaki zimelala bila mtu kujua. BOINC ina mantiki yake hapo, inasema kama umesimamisha kazi za mradi huu kwa nini nikuletee nyingine.

Sasa Ngwe inaandika majina ya kazi kwenye faili kabla ya kusimamisha, sio baada, na kila ikiwaka kitu cha kwanza ni kusoma hilo faili na kufungua zilizobaki. Zile mbili nilizifungua kwa mkono. Moja imeshapitwa na tarehe ya kurudisha, na hiyo ilikuwa asilimia 87.

Jumapili 1/12

Ufumbuzi huu ni wa mama watoto, naandika hivyo kwa sababu ni haki yake. Yeye ndo anafunga duka siku nyingi, akaniuliza mbona tangu saa 12 feni za mashine zinapoa na bado taa inawaka, umeme unaenda wapi. Nikamweleza habari ya vigingi na foleni. Akasema, Baba Asha, kibarua akimaliza ngwe saa tisa na jua bado lipo humwambii akae, unampa mahindi apukuchue mpaka jioni, kazi hiyo hata akiiacha katikati hakuna kinachoharibika.

Nilikuwa na SETI@home kwenye mashine zilezile muda wote huo na sikuiona. Kigingi chake ni kila dakika, hata ukizima ghafla unapoteza dakika moja. Kwaiyo sikupaswa kupigana na klaenti inapojaza prosesa tupu, nilipaswa kuichagulia inachojazia. Nimeandika upya sehemu ya kufunga jioni hiyohiyo: saa 12 Ngwe inasimamisha foleni ya mvua peke yake, ya SETI inaiacha wazi. Mvua ikichomeka inalala, SETI inaingia mahali pake, inaendelea mpaka saa 3 kamili bila wasiwasi.

Sikutegemea kosa la tarehe 20 ndo lije kuwa njia yenyewe.

Jumamosi 7/12

Mdogo wangu aliyeko Dar kaniuliza kwa nini nahangaika na vigingi, si nizilaze tu mashine, hali yote ya ramu iandikwe kwenye diski, asubuhi ziamke zilipoishia. Swali zuri na nilishajaribu siku nne. Mashine ya kwanza inalala na kuamka vizuri kabisa. Ya pili inaamka lakini mtandao umekufa mpaka uristati. Ya tatu inaamka na skrini nyeusi, hakuna kitu. Kwenye diski lazima pia kuwe na nafasi ya swopu inayotosha ramu yote, na mimi nilipoinstoo Ubuntu sikufikiria hilo. Kwa hiyo ukiwa na mashine inayolala vizuri, ilaze, hauhitaji Ngwe. Mimi ninayo moja kati ya tatu.

Jumatatu 9/12

Sikukuu ya Uhuru, wateja wachache, nikajua nitapata siku nzima ya kuandika kodi, yaani maelekezo ya programu ya Ngwe. Saa 8 mchana wingu likashuka kutoka Uluguru, vuli ya mwaka huu imekuwa kali sijaona kama hii miaka mingi, radi mbili umeme ukaenda. Mashine tatu zote zikazima kwa mpigo. Nilikuwa nimeangalia laptopu dakika moja kabla, hasara ilikuwa imesimama masaa 11 na dakika kadhaa kwa jumla. Nimekaa gizani nasikiliza mvua ikipiga bati, na mashine zilikuwa zinapiga hesabu ya mvua, sikuweza kufanya chochote.

Ngwe inajua kufunga jioni kwa sababu jioni ina saa. Umeme hauna saa.

Jumamosi 14/12

Nimenunua UPS moja ndogo, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, yenye waya wa USB, inabeba mashine mbili. Programu ya kuisoma inaitwa NUT, iko kwenye Ubuntu, ukishaipa draiva sahihi inakuambia hali kwa herufi mbili, OL ukiwa na umeme wa ukutani, OB ukiwa kwenye betri. Ngwe inasoma hizo herufi kila sekunde 5. Betri na mashine mbili zikiwa na mzigo wote inakaa dakika 7 nilivyopima kwa saa.

Dakika 7 kwa kigingi kinachokuja kila masaa matatu ni kitu kidogo sana, nilijua hivyo kabla ya kununua. Lakini nilifikiria hivi: Ngwe inajua urefu wa hatua ya kila aina ya kazi maana imekuwa ikipima tangu Novemba, na inajua kazi fulani imeshatembea kiasi gani tangu kigingi chake cha mwisho. Kwaiyo inaweza kukisia imebakiza dakika ngapi. Umeme ukikatika, kazi ambayo haiwezi kufika ndani ya dakika za betri inasimamishwa palepale, hasara yake ilishaandikwa hata ukiisubiri. Ile inayokaribia inaachwa. Na ukishasimamisha kazi sita kati ya nane mzigo wa mashine unashuka, betri haikai tena dakika 7, nimepima imekaa 16. Zile zilizobaki zinapata muda ambao mwanzoni haukuwepo.

Mashine ya kwanza, ile inayolala vizuri, yenyewe haihitaji makisio yoyote, ikiona OB inalala moja kwa moja, sekunde 40 imemaliza na haipotezi kitu.

Jumamosi 21/12

Umeme umekatika mara tatu wiki hii. Mara mbili hakuna kazi iliyokuwa karibu na kigingi, Ngwe ikasimamisha zote na kuzima mashine kwa utaratibu, hasara ikawa kama kawaida kwa mashine ya pili. Mara ya tatu kulikuwa na moja imebakiza makisio ya dakika 11. Nilikuwepo. Ngwe ikasimamisha zilizobaki, feni zikashuka, na ile moja ikaendelea peke yake kwenye betri, dakika ya 9 bado, ya 12 bado, ya 13 hasara yake ikarudi sifuri, sekunde chache baadaye mashine ikajizima. Karibu masaa matatu ya prosesa yameokolewa. Watoto wako likizo walikuwa wananiangalia nashangilia gizani, Asha akauliza nimeshinda nini.

Makisio yalikosea kwa dakika 2, sababu nadhani ni kwamba hatua za mvua hazilingani, siku yenye mawingu mengi ndani ya hesabu inachukua muda zaidi. Nimeongeza asilimia 20 juu ya makisio yote.

Jumapili 12/1/2020

Hesabu ya wiki nzima ya kwanza bila kugusa kodi: hasara masaa 11, kutoka 94. Karibu yote imetokana na kukatika kwa umeme kwenye mashine ya tatu ambayo haiko kwenye UPS. Kufunga jioni kumechangia dakika 50 kwa siku sita.

Bando ndo limekuwa tatizo jipya, maana kazi zinazomalizika ni nyingi kuliko zamani na majibu ya mvua ni mafaili makubwa. Hili sikuliandikia kodi, BOINC inalo tayari kwenye mipangilio, unaiambia itumie mtandao saa fulani hadi saa fulani. Duka limefungwa usiku kwaiyo bando la usiku halinifai, nimeweka saa za asubuhi tu, bando langu la wiki linatosha na wateja wa barua pepe hawasumbuliwi mchana.

Jumamosi 1/2

Nilikuwa Ifakara kwa shemeji, mwalimu, ana laptopu yake na alitaka awekewe kila nilichonacho. Kwanza aliniuliza kama kuna mradi wa malaria. Ulikuwepo, malariacontrol.net, wa ile taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Basel, Uswisi, watu walipiga hesabu za jinsi malaria inavyoenea na nini kitatokea ukigawa vyandarua au chanjo, ulifungwa 2016. Na taasisi hiyohiyo ndo Waswisi walioanzisha maabara ya Ifakara miaka ya 1950, ambayo leo ni Ifakara Health Institute, shemeji anapita getini kwao kila siku na hakujua kama kuna kompyuta za majumbani dunia nzima zilishawahi kupigia hesabu ugonjwa wa bonde lake. Alinyamaza kidogo akasema basi nipe ya mvua.

Laptopu yake haikuhitaji Ngwe. Umeme ukikatika laptopu inaenda kwenye betri, na BOINC kwa kawaida yake inasimamisha kazi ikiwa kwenye betri. Kilichokuwa kinampotezea ni kwamba ikisimamisha inaondoa kazi kwenye ramu, ikirudi inaanzia kigingini. Kuna kisanduku kimoja cha tiki, acha kazi kwenye ramu zikisimamishwa, nimekitia tiki basi. Mradi asizime laptopu kabisa hapotezi kitu. Imenichukua dakika 2 na nimefurahi kuliko ningeinstoo programu yangu.

Jumanne 3/3

SETI@home wametangaza kwamba tarehe 31 mwezi huu wanaacha kugawa kazi. Wanasema data waliyonayo imeshachambuliwa vya kutosha kwa hatua hii na sasa wanataka wakae wamalizie kuyapitia majibu yote na kuyaandika. Miaka 20 na ushee tangu Mei 1999. Mimi nimekuja mwishoni kabisa, na bado nimeisoma hiyo taarifa mara tatu. Kila kazi ya SETI ilikuwa inapigwa na angalau watu wawili wasiojuana, majibu yao yanafananishwa, yakikubaliana ndo yanahesabiwa. Nilikuwa naangalia mwenzangu ni nani, siku moja mashine ya Japani, siku nyingine Poland, na steshenari ya Kihonda.

Kwa Ngwe hii ni habari nzito. SETI ndo mahindi ya kupukuchua, ikiondoka jioni prosesa zinarudi kukaa tupu. Nimefungua kodi nikahesabu, neno seti nimeliandika kwa mkono sehemu 9.

Jumamosi 21/3

Shule zimefungwa tangu Jumanne kwa ajili ya korona, watoto wako dukani na mimi, wateja hakuna, kwaiyo kodi imeenda haraka. Nimeondoa jina la mradi wowote. Ngwe sasa haijui SETI wala mvua, inajua urefu wa hatua tu. Kila aina ya kazi inapimwa vigingi vyake vitano vya kwanza, ikiwa wastani uko chini ya dakika 10 inahesabiwa kazi fupi na inaruhusiwa kuingia jioni, ukizidi hapo ni kazi ndefu inapumzishwa. Aina mpya isiyojulikana inahesabiwa ndefu mpaka ithibitishe vinginevyo. Ilipaswa iwe hivi tangu Desemba.

Nimejiunga na Einstein@Home kujaza nafasi, ule ulioanza 2005, wanatafuta nyota zinazozunguka kwa kasi, pulsa, na kazi zao za prosesa zinachambua miali ya gama ya darubini ya Fermi iliyoko angani. 2010 waliwahi kupata pulsa mpya kupitia mashine za watu waliojitolea kule Iowa na Ujerumani, wenye mashine wakatajwa kwa majina. Nimeongeza na Rosetta@home kwenye mashine ya kwanza, sasa hivi wanapiga hesabu za protini za hiki kirusi cha korona, inakula ramu nyingi ila hiyo inalala vizuri haina shida ya vigingi.

Jumanne 31/3

Ngwe imeshapima Einstein, vigingi vinakuja baada ya dakika chache, imeipokea kama kazi fupi bila mimi kuiambia. Foleni ya SETI kwenye mashine ya pili ina kazi 6, ya tatu ina 4. Nimeziacha.

Ijumaa 3/4

Saa 2 na dakika 40 usiku mashine ya tatu imemaliza kazi yake ya mwisho ya SETI. Kazi za mvua zote zilikuwa zimeshalala kwenye vigingi. Nimefungua mtandao kwa mkono nje ya saa zake ili jibu lipande leo leo, limepanda, foleni ya mradi ikaandika sifuri, na Einstein ikachukua hiyo prosesa. Saa 3 mama watoto kazima swichi. Hasara ya usiku: dakika 4.

Kesho nahamishia mashine ya tatu kwenye UPS ya pili.